Gunia Moja Kabla ya Kiwanda

Basi litokalo Arusha kwenda Dar es Salaam linapoingia Korogwe, na utingo akawatangazia abiria kwamba muda wa kunyoosha miguu ni mchache, huzuka chini ya madirisha vijana kumi au kumi na wawili, kila mmoja ameinua juu ya kichwa chake riziki aliyo nayo, huyu machungwa, yule karanga, mwingine maji ya chupa; na miongoni mwao yumo kijana mmoja wa Vugiri, huko juu mlimani, niliyemfundisha herufi zake za kwanza, ambaye bidhaa yake ni viungo vya chai: iliki, mdalasini, pilipili manga na tangawizi, vimetwangwa pamoja, vikatiwa katika vipakiti vya nailoni na kuzibwa midomo kwa mwali wa mshumaa. Siku moja nilisimama kando nikamtazama. Mama mmoja alikipokea kipakiti dirishani, akakinusa, akakigeuza mara mbili kwenye mwanga, kisha akakirudisha akisema, "Iliki nzima huna?" Abiria wa kiti cha nyuma akauliza neno lile lile. Basi likanguruma, likaondoka, na kijana akabaki na vipakiti vyake vyote mkononi, lakini aliponiona alikuja mbio, akanipa shikamoo, na kabla sijamaliza kuitikia marahaba akasema, "Mwalimu, hawaitaki ya unga. Wanasema ya unga hawajui imesagwa na nini."

Katika dakika tatu zile alipata elimu ambayo, kwa ninavyoyajua mambo haya, asingeipata katika siku tatu za semina. Nimezihudhuria semina hizo, wala sizidharau kabisa, maana soda zake ni baridi na posho yake hulipwa; kasoro yake ni kwamba katika miduara na mishale yote ambayo mkufunzi mwenye tai alituchorea ukutani, kutuonyesha jinsi wazo linavyogeuka kuwa utajiri, sikuona mahali palipoandikwa mnunuzi. Vijana wetu siku hizi, wa mjini na wa shamba, huitwa waanzilishi wa kampuni changa, jina zuri lenye heshima yake, na aghalabu nasaha wanazopewa huanza na andiko la mradi, zikapitia usajili, mkopo, jengo na mashine, hata zikamfikia mnunuzi mwishoni, kama jamaa aliyesahauliwa kualikwa harusini. Mimi naona mpango huo umesimamishwa kichwa chini miguu juu, na kwa kuwa naishi katika milima ya Usambara, iliyopata kuwagharimu watu mali nyingi kwa kosa hilo hilo, naomba ruhusa ya wasomaji nieleze.

Wajerumani walipoingia Usambara katika miaka ya 1890 waliuona msitu wa milima ya mashariki, Amani, Derema na Bulwa, ng'ambo ya bonde la Lwengera tukitazama kutoka kwetu, wenye miti mirefu na kiza cha majani mchana kutwa, wakahukumu kwamba ardhi inayozaa msitu wa namna ile haiwezi kuinyima kahawa rutuba. Makampuni yakaundwa Ujerumani, fedha za wenye hisa zikakusanywa, miti ikaangushwa, mibuni ikapandwa, na watu wakaletwa kutoka mbali kuja kuipalilia. Ardhi nayo ilikuwa na siri yake. Rutuba ya msitu ule ilikuwa ikizunguka juu kwa juu, baina ya majani yanayoanguka na mizizi inayoyangojea, ilhali udongo mwekundu wa chini, uliooshwa na mvua za karne na karne, ulikuwa mchachu na karibu mtupu. Mibuni ilistawi miaka michache, ikazaa, kisha ikachoka. Na kana kwamba hilo halikutosha, bei ya kahawa duniani ikaporomoka kwa wingi wa mavuno ya Brazil. Taasisi ya utafiti ya Amani, ambayo ingeweza kuwaambia siri hiyo ya ardhi kwa kipande cha shamba la majaribio kisichozidi ua wa nyumba, ilianzishwa mwaka 1902, fedha zikiwa zimekwisha kufukiwa ardhini miaka mingi.

Linganisheni hayo na mkonge. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa kampuni ya Wajerumani ya Afrika ya Mashariki, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Ikapitia Hamburg, ikakaa baharini, mingi ikaoza, na iliyofika hai Kikogwe, karibu na Pangani, ilikuwa 62. Ile 62 ikapandwa, ikaangaliwa, ikazaa miche, na miche ikazaa miche mingine, hata mtu alipokuja kufyeka shamba kubwa alikwisha kujua mmea huu unapenda nini na unachukia nini katika nchi hii. Mashamba ya Ngombezi na Magunga, ambayo kutoka huku juu huonekana kama nywele zilizochanwa kwa kitana, asili yake ni mwanzo ule mdogo, na mwaka 1964 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge, ikawapita wote duniani. Siwasifu wenye mashamba ya zamani, kwani jasho lililoyalima lilikuwa la manamba waliolipwa kidogo na kulala vibaya. Nausifu utaratibu wa kuijaribu mbegu tu.

Wala nisidhaniwe kuwa naongea kwa hekima ya kuzaliwa nayo. Nilipostaafu, kiinua mgongo changu kikiwa bado na joto la mkono wa mhasibu, niliazimia kukausha iliki. Iliki ya huku watu huianika juani juu ya mikeka, nayo jua huipausha, ikapoteza ule ukijani unaopendwa na walaji wa mbali. Nami nikajiambia kwamba mwenye kikaushio atauza kijani, na mwenye kijani atauza ghali. Nikajenga banda la matofali ya kuchoma, nikamwaga sakafu ya saruji, nikampa fundi rangi aandike jina la kampuni juu ya mlango kwa herufi za buluu, kisha nikanunua mashine Dar es Salaam kwa muuzaji ambaye sitamtaja, maana kosa lilikuwa langu zaidi ya lake. Iliposhushwa kwenye Fuso, fundi umeme aliizunguka mara moja, akainama, akasoma kibati, akaniambia kwa upole kwamba hii ni ya umeme wa njia tatu, na waya uliofika kwangu ni wa njia moja. Aibu hiyo ningeistahimili. Iliyonivunja nguvu ni nyingine: miezi kadhaa baadaye, nikinywa chai na dalali anayenunua iliki za huku, nilimwuliza ya kijani angeichukua kwa bei gani, naye akacheka, akasema yeye huimimina yote katika gunia moja, ya kijani na iliyopauka, na bei ni moja. Wapo wanunuzi wanaolipia rangi, lakini sikuwajua, sikuwatafuta, na hawakupita njia ya kwangu. Hivi leo kuku wangu hutaga ndani ya mashine ile.

Laiti ningetenga kilo mbili, nikazikausha kivulini kwenye chekeche la mama watoto, nikazipeleka mwenyewe kwa watu watano wanaonunua, ningeipata habari ile ile kwa gharama ya nauli. Na nauli ni mlango wa jambo jingine, yaani mahali. Sisi tulioko mlimani tuna ghururi ya kudhani kwamba bidhaa ikiwa njema mnunuzi ataipandia. Historia ya Usambara yenyewe yakanusha. Mfalme Kimweri ye Nyumbai alikaa Vuga, juu, akipokea kodi za nchi nzima hadi alipofariki mwaka 1862. Lakini mwanawe Semboja alikaa Mazinde, chini tambarare, ilikopita misafara ya bonde la Pangani, na muda si muda nguvu ikahama kutoka Vuga ikamfuata yeye. Biashara ya misafara ile ilikuwa na uovu mkubwa, maana pamoja na pembe za ndovu waliuzwa binadamu, na nchi ikateketea kwa vita. Kwa hiyo simtoi Semboja kuwa kielelezo cha tabia. Natoa mahali alipokaa, basi. Kijana wangu wa viungo amefanya vema kushuka stendi, na angefanya vema zaidi kuvuka hata Segera kuuliza wenye hoteli za njiani wananunua iliki kwa nani.

Sasa niseme juu ya daftari, ambalo ndilo jambo ninaloligombania kuliko yote. Tuseme kipakiti kimoja cha iliki chauzwa shilingi 1,000. Iliki iliyomo ni ya shilingi 550. Nailoni, lebo na mshumaa 80. Ushuru na chakula cha mchana, vikigawanywa kwa vipakiti, 70. Na pikipiki ya kutoka Vugiri kwenda na kurudi, shilingi 6,000, ikigawanywa kwa vipakiti 40 alivyobeba, ni 150. Imebaki 150 kwa kila kipakiti, nayo kwa vipakiti 40 ni shilingi 6,000. Kijana husema amepata faida ya elfu sita kwa siku, ilhali siku ni mbili, moja ya kuchambua na kufunga, moja ya kuuza, na angeweza kumlimia jirani shamba kwa siku hizo mbili akalipwa zaidi. Basi afunge duka? Hasha. Aitazame ile 150 ya pikipiki, kwani pikipiki haiulizi umebeba vipakiti 40 au 120; akibeba 120, nauli inashuka hadi shilingi 50 kwa kimoja, na faida inapanda hadi 250. Ila vipakiti 120 haviishi kwenye madirisha ya basi kwa siku moja, hivyo sharti apatikane mwenye duka Korogwe wa kuachiwa vilivyobaki, na mwenye duka atataka mali kauli, alipe akiisha kuuza. Hapo ndipo daftari linapodai ukurasa wa pili, wa wadeni. Ukurasa wa tatu ni wa nyumbani: shangazi akija kuchukua kipakiti kwa ajili ya chai ya msiba, apewe kwa moyo mkunjufu, na kiandikwe. Nimeona biashara njema zaidi ya moja zikifa kwa vitu vilivyotolewa kwa upendo na visiandikwe, mwenyewe asijue ni nini kilichomla.

Juu ya ubia sitasema mengi kuliko waliyosema mafakihi zamani, ambao walikuwa na mkataba uitwao mudharaba: mmoja hutoa mali, mwingine hutoa kazi, faida hugawanywa kwa sehemu waliyoafikiana tangu mwanzo, nusu kwa nusu au theluthi kwa theluthi mbili, na ikiwa hasara, bila ya khiyana wala uzembe, mwenye mali hupoteza mali yake na mwenye kazi hupoteza jasho lake. Watu wa mitaji wa Marekani na Ulaya, wanaotoa fedha kwa kampuni changa na kuchukua hisa badala ya riba, wamekuja kufanya jambo la ukoo mmoja na hilo. Lakini vijana wetu wawili wakiungana, mmoja ana laki tatu za kuuza mbuzi wake na mwingine ana miguu na ulimi, hawaandiki neno, kwa kuwa ni ndugu na kuandika ni kama kushukiana. Mimi nasema kinyume: kwa kuwa ni ndugu, waandike, na waandike siku ambayo hakuna cha kugombania. Karatasi moja yatosha, yenye mashahidi wawili, iseme nani ametoa nini, nani hulipwa kwa kazi na nani hungoja faida, mizani ni ya nani, na zaidi ya yote, mmoja akipata ajira Dar es Salaam akaondoka, sehemu yake itakuwaje. Swali hilo la mwisho huonekana la kisirani. Nalo ndilo linalokuja.

Mkopo wa halmashauri, ile asilimia kumi ya mapato ya ndani inayogawanywa nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, hauna riba, na mwenye biashara inayokwenda hana sababu ya kuuogopa. Ninachokiogopa ni kikundi kinachozaliwa kwa ajili ya mkopo: majina yameokotezwa barazani, mwenyekiti ni yule mwenye mwandiko mzuri, na mradi ni wa kufuga kuku kwa kuwa kikundi cha jirani kiliandika kuku kikapewa. Fedha zikitoka hugawanywa kimyakimya, kila mtu akaenda zake, na deni likabaki kwa waliokuwa waaminifu. Serikali iliusimamisha mpango huu mwaka 2023 kwa sababu ya mambo kama hayo, kisha ikaurudisha mwaka 2024 kwa masharti mapya. Lakini hakuna sharti la serikali linaloweza kumpa mtu mnunuzi ambaye hakumtafuta. Kanuni yangu ni nyepesi, na wachumi waniwie radhi: usikope kununua chombo mpaka mikono yako imeshindwa kuwatosheleza wanaokuja.

Vibali vina zamu yake. Kabla ya kuchapa lebo elfu moja, tazama kwa BRELA, wasajili wa majina ya biashara, kama jina ulilolipenda halijachukuliwa; kabla ya kukipeleka chakula chako kwenye maduka makubwa, nenda SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya watu wa kadiri yako, wakuelekeze njia ya kupata alama ya ubora ya TBS, kwani mjasiriamali mdogo aliyetambulishwa nao hupata nafuu. Usiwakimbie TRA, watoza kodi. Usianze kwao pia.

Huenda msomaji wa mjini akasema kwamba haya ni ya iliki na pilipili manga, na kwamba kampuni za simu na programu zina sheria nyingine. Sioni tofauti. M-Pesa ilipojaribiwa Kenya mwaka 2005 ilikusudiwa wakopaji wadogo walipie mikopo yao kwa simu. Walioijaribu wakaonekana wanatumiana fedha wao kwa wao, wenye mradi wakawa na insafu ya kukubali walichokiona, na mwaka 2007 ikazinduliwa kuwa njia ya kupeleka fedha nyumbani. NALA, iliyoanzishwa na Mtanzania Benjamin Fernandes mwaka 2017, ilianza kwa kuwarahisishia watu malipo ya simu hapa nchini, baadaye ikageukia fedha zinazotumwa na ndugu walioko Uingereza, Marekani na Ulaya, na huko ndiko ilikokulia. Na Nairobi kulikuwa na kampuni ya chakula iitwayo Kune, ambayo mwaka 2021 ilikusanya dola milioni moja ili kuwapikia watu na kuwapelekea mlo wa bei nafuu, dola tatu hivi kwa sahani, ikafunga mwezi Juni 2022, bei hiyo ikiwa haibebi gharama zake. Katika mji ule ambao kila pembe ina mama mwenye sufuria za maharage na chapati moto, angalau mmoja wao angeulizwa.

Kijana wangu alikuja kwangu wiki iliyopita, mvua ikiwa imekatika, na viatu vyake vimejaa tope jekundu la njiani. Sasa huuza iliki nzima katika nailoni angavu, na ile ya unga amebakishia wateja watatu wanaomjua. Tulikunywa chai, akanionyesha daftari, nikamsahihisha mahali pawili alipojumlisha vibaya, kisha akaomba kuiona mashine. Tukaingia bandani. Aliinama akasoma kibati, akaniuliza inakausha kilo ngapi kwa siku na inakula umeme kiasi gani, akaandika, akaniuliza fundi alitaka kiasi gani kuibadili iende kwa njia moja, akaandika hilo pia. Akalifunga daftari.

"Bado, Mwalimu," akasema. "Nikifika gunia la tano kwa mwezi nitarudi tuzungumze kodi yake."

Nikamwambia sawa, nami nikaingiza mkono ndani nikatoa mayai manne, nikampa mawili akawapelekee wanawe.